Saizi ya Kukulia

Fundi hakuwa anakuangalianga uso. Alikuwa anakuangalia kilo.

Unaingia pale barazani kwake Shieywe, hapa Kakamega, umechana nywele, umepaka mafuta, umebeba suruali ya kukatwa inchi mbili. Yeye anainua macho juu ya miwani, anakupitisha kutoka kiatu mpaka kichwa mara moja tu, halafu anasema, "Sabini na mbili. Na hiyo mkoba, sabini na nne." Bado hajakusalimia. Wengine walikasirika, wengine wakacheka, na wale walibisha aliwapelekanga hapo jirani kwa mashine ya kusaga mahindi, wapande ile mizani ya magunia. Sikuwahi kuona amekosea zaidi ya kilo moja. Mimi nilikuwa nawasindikiza, si kwa ubaya, ni vile kazi ya kushona matundu ya vifungo haina sinema ingine.

Mke wa mchungaji alileta kanzu za kwaya. Fundi akamwangalia, akafurahi kabisa.

"Mama Mchungaji, wewe ni laji ya pili."

"Laji ya pili ni nini?"

"Ni saizi. Kuna ndogo, kuna midiam, kuna laji ya kwanza, kuna laji ya pili. Hiyo yako ndio inabebanga mtu mwenye nguvu."

"Fundi, mimi nimeleta kanzu za kwaya."

"Najua, Mama. Nilikuwa nasema tu, kama siku moja ungetaka kuruka."

Kanzu zilirudi naye nyumbani siku hiyo hiyo. Zikakaa miezi mbili kwa fundi mwingine huko sokoni, zikatoka na mikono moja ndefu moja fupi, zikarudi kwetu. Fundi akazifungua, akazishona upya. Hiyo ndio ilikuwa adabu yake. Kinywa kilikuwa kinamharibia, mkono unakuja nyuma kutengeneza.

Mimi alinisoma siku ya kwanza nilienda kuomba nafasi ya kuweka cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimaliza darasa la nane, halafu kidato cha kwanza nikakisoma kwa dirisha, nikipita. Nikasimama hapo na cherehani ya mama yangu kichwani, shingo imekaza.

"Arobaini na moja," akasema. "Umekula?"

"Nimekula, Fundi."

"Basi hiyo chakula imeenda kwa nani?"

Tukakaa pamoja miaka minne, mimi na cherehani yangu upande wa mlango, yeye upande wa ukuta.

Kazi yake ya mkate ilikuwa yunifomu za shule. Kama umesomea hapa karibu, kuna uwezekano ulivaa mkono wake. Alikuwa na sheria moja ya yunifomu na hakuna mzazi aliweza kumtoa hapo: kila nguo ya mtoto inaachiwa ya kukulia. Anapima mtoto sawasawa, anaandika, halafu akifika kwa kukata anaongeza. Inchi kwa bega, inchi kwa ubavu, kwa pindo anaacha kitambaa ya kutosha kushona kaptura ingine. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa anatoka hapo akitembea kama hema imeamua kwenda shule.

"Fundi, hii sweta inafika magoti," mama mmoja alilalamika.

"Mwaka huu ni magoti, Mama. Mwaka ujao ni kiuno. Ule mwingine utaniletea kuku."

Na wakati wa kuvaa kujaribu alikuwa na neno moja tu: "Geuka." Mtoto anageuka, anampa mgongo. Fundi anashika kitambaa hapo katikati ya mabega, anavuta na vidole viwili, anapima ni kiasi gani imebaki ya kukulia. Akiridhika anaachilia na kupiga mtoto kidogo hapo, pap, kama mtu anafunga mlango wa gari. Watoto wakubwa wa Kakamega, wengine sasa wana ndevu, ukiwaambia "geuka" kwa hiyo sauti wanakupa mgongo bila kufikiria.

Sasa hii mambo ya laji ya pili ilitoka wapi. Ilitoka Iten. Kule juu ya bonde kuna watu wanarukanga na ile mwavuli kubwa ya kitambaa. Sio parachuti ya mtu anatoka kwa ndege. Hii unasimama kwa mlima, unaikimbiza, inajaa upepo, inakubeba kama ndege ya mwewe. Rubani mmoja wa huko aliangukia mti wa miiba, mwavuli ikachanika mita tatu. Akauliza kila mahali nani ana mkono mwepesi. Mtu akamwambia kuna mzee Shieywe anashona sketi za marinda, kila rinda sawa na mwenzake. Akaja na begi mgongoni kama amebeba godoro.

Fundi aliitandaza kwa uwanja wa kanisa. Aliizunguka mara mbili, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani. Kwa sababu hiyo kitu si kitambaa moja. Ni vyumba. Vyumba vidogo thelathini na nane vimepangwa kando kando, kila kimoja na mdomo wa kuingiza upepo, katikati mbavu za kitambaa, chini kamba nyembamba nyingi zinateremka mpaka kwa kiti ya mtu. Halafu akapata lebo ndani ya mbavu ya katikati, akanisomea kama anasoma Injili. Kiti kimoja. Mtu mmoja. Muundo ni ule ule, saizi ni tano, na kila saizi ina kilo zake, kutoka hapa mpaka hapa.

"Inapimwa na kilo?" Fundi alimuuliza rubani. "Si kiuno? Si kifua?"

"Kilo, mzee. Wewe, kiti, helmeti, viatu, mpaka chai umekunywa. Ndogo kabisa inataka hamsini na tano mpaka sabini."

"Na mtu wa arobaini na moja?"

Rubani akaniangalia, akacheka. "Huyo dada hana saizi. Ukiwa mwepesi kwa mwavuli kubwa, si wewe unaendesha. Upepo unakuchukua, na hautakuuliza unaenda wapi."

Tangu hiyo siku Fundi aliitanga hiyo kitu nguo. Hakusema mwavuli hata mara moja. "Ni nguo," alikuwa anasema. "Nguo ya mtu mmoja. Hata bibi yako huwezi kumwingiza." Akatengeneza ile ya kwanza kwa siku sita, na rubani akamletea zingine, na wenzake wa rubani pia. Kabatini kukawa na begi za watu wa mbali kando ya sweta za kijani za watoto.

Akajifunza kupuliza. Kitambaa ya hiyo nguo ikizeeka inaachilia hewa, haishiki. Kwa hivyo unaiweka kwa mdomo na unapuliza. Hewa ikipita, imekufa. Hiyo tabia ikamwingia vibaya sana. Alipuliza mapazia. Alipuliza shati ya mteja, mteja akiwa ndani. Tulienda matanga Malava, mzee fulani wa kanisa alikuwa amelala, sisi tumekaa chini ya hema ya kukodi, watu kimya, mhubiri ameinamisha kichwa. Nikaona Fundi anashika pindo ya hema, anavuta pole pole mpaka kwa mdomo. Fuuu.

"Hii pia imekufa," akasema.

Si kwa sauti kubwa. Lakini kwa matanga, hiyo "pia" inasikika mbali. Mimi nilitoka nje nikajifanya nakohoa, nikakohoa mpaka kwa barabara.

Kitu sikuwahi kuelewa ni vile alikuwa anaogopa juu. Mtu wa nguo za kuruka! Bulbu ikiungua ni mimi nilikuwa napanda stuli. Kuna hoteli ya gorofa karibu na stendi, chapati zake ni nzuri sana, hakuwahi kuzila kwa meza. Alikuwa anatuma mtu, anazila chini kwa ngazi. Nikamuuliza siku moja mbona hajaribu mwenyewe, na laji ya kwanza ziko pale kabatini na yeye ni tisini na sita na viatu.

"Wewe, anayeshona sanda anaijaribishanga?" akaniuliza.

"Lakini unatamani."

Alikuwa anatia uzi kwa sindano. Akakosa, akalowesha uzi kwa mate, akakosa tena.

"Natamani kuona moja niliyoikata mimi. Hizi zingine nazibanga viraka tu. Kiraka ni kazi ya mtu mwingine. Nataka kuona yangu, kutoka kwa mkasi, imesimama hewani na mtu chini yake."

Mimi nami nilikuwa natamani. Sitadanganya. Rubani alikuwa anatutumia video kwa simu, miguu yake inaning'inia na chini kuna mashamba madogo kama viraka, na sauti ni upepo tu, hakuna mtu anakuita kuuliza vifungo ziko wapi. Nilikuwa naangalia mpaka simu inazima. Mimi ni mtu mfupi. Maisha yangu yote nimeangalia migongo ya watu. Kwa kwaya niliwekwa mbele, kwa foleni ya maji nilirukwa. Nilikuwa nataka mara moja tu niangalie Kakamega kutoka juu, nijue kama ni kubwa vile inajifanyanga.

"Lakini sina saizi," nilimwambia.

"Saizi ni kazi ya fundi," akasema.

Hivyo ndivyo ilianza. Rubani alikuwa amemwachia mabaki mawili ya wazungu wa kuruka, laji ya pili zote, zimepasuka mahali haiwezi kushonwa. Fundi akazifumua mshono kwa mshono, akapuliza kila kipande, kilichokufa akatupa, kizima akaweka. Wamama wa kwetu wanafanyanga hivyo na nguo zao: ya mama inachakaa, inakatwa ya mtoto. Rubani akamletea karatasi ya vipimo vya zile saizi tano, wakakaa na kalamu wakapiga hesabu ya saizi ya sita, chini ya ndogo, yangu.

"Mzee, sikiliza," rubani alimwambia. "Hapa usiongeze kitu. Hata nusu inchi. Hii si sweta."

"Kupima ni kupima," Fundi akajibu, amekasirika kidogo. "Mimi si wa kukisia."

Akashona kutoka wakati wa kupanda mpaka mahindi ikafika kiuno. Kamba alizipima kwa ubao, msumari huku na msumari kule, kila kamba mara tatu. Mimi nilimshikia mbavu zisiteleze chini ya cherehani. Kwa mbavu ya katikati aliweka lebo yake, alidarizi kwa mkono na uzi mwekundu: KITI KIMOJA. Jina langu hakuweka. Alisema jina ni ya sweta, zisiibiwe.

Siku ya kujaribu tulienda kilima kimoja cha malisho nyuma ya Malava, Fundi, rubani, mimi, na mama yangu ambaye alisema anakuja kuona tu. Kwa wiki mbili rubani alikuwa amenifundisha na mwavuli ya zamani iliyokatwa, vile unaiangalia ikiwa chini, unavuta, inapanda juu ya kichwa, halafu wewe unageuka na kukimbia. Siku hiyo kazi ilikuwa ndogo: kuinua, kushusha, kuinua, kushusha. Kuruka ilikuwa ya siku ingine. Upepo ulikuwa mdogo, nyasi zinainama kidogo tu.

Niliinua. Ikapanda, nyekundu na bluu na njano, viraka vya wazungu wawili wasiojuana, ikasimama juu yangu imejaa. Sikia, ilikuwa nzuri. Niliangalia Fundi, miwani yake imejaa rangi.

"Kubwa," rubani alisema. Alisema pole pole, kama mtu anasoma jina asilolijua. Halafu akapiga kelele. "Kubwa! Shusha! Shusha!"

Upepo ukaongezeka kidogo. Kidogo tu, ile ya kupeperusha leso. Mimi nikaenda. Sikukimbia, sikuruka, nilichukuliwa kama karatasi. Miguu ikaacha nyasi, nikapita juu ya rubani ambaye alirukia kiatu yangu akakosa, nikarudi nyuma nyuma juu ya kilima, na nikaona kichwa ya mama yangu kutoka juu kwa mara ya kwanza maishani, kitambaa chake cha zambarau, mdomo wazi. Halafu nguo ikajikunja upande mmoja na ikanitupa kwa napia ya mtu, yale majani marefu ya ng'ombe. Mfupa wa bega ukavunjika. Ng'ombe mbili zilisimama kuniangalia, zikaendelea kula.

Mama yangu alifika kwanza. Fundi alifika mwisho, ameshika magoti.

"Nilikupa mtoto umshonee!" mama alimwambia. "Nilikupa mtoto umshonee, Fundi, umemtupa!"

Rubani alikuwa ameshatoa tepu, anapima vyumba palepale kwenye napia, kimoja, cha pili, cha tatu. Inchi moja. Kila chumba kimezidi inchi moja. Inchi moja mara vyumba thelathini na nane, na mbavu nazo zimerefuka kidogo kidogo. Saizi ya sita ilikuwa imetoka hapo kitambo. Hiyo ilikuwa nguo ya mtu wa kilo sitini na kitu.

"Mzee, nilikuambia."

"Sikuongeza," Fundi akasema. Halafu akaangalia mkono wake wa kulia, ule wa mkasi. Akauangalia kama ni wa mtu mwingine. "Niliongeza," akasema. "Niliachia ya kukulia."

Hakuna mtu alicheka. Mimi ningecheka, lakini bega lilikuwa linauma.

Nilikaa nyumbani wiki saba. Alikuja mara moja, mama akamwambia nimelala na nilikuwa siko usingizini, nilimsikia kwa mlango. Aliuliza kama nakula. Aliacha ndizi. Niliporudi Shieywe na mkono wangu, baraza ilikuwa imefungwa, cherehani yangu iko kwa mwenye mashine ya kusaga, imefunikwa na sweta ya kijani ya darasa la kwanza. Fundi alikuwa ameenda. Watu wakasema Mumias, wengine wakasema Bungoma. Hakuna aliyejua, na simu yake ilikuwa inasema tu mteja hapatikani.

Nilikuwa na hasira, lakini si ile mama yangu alidhani. Sikuwa na hasira ya bega. Bega lilipona. Nilikuwa na hasira kwamba mtu anaweza kukuangalia kila asubuhi miaka minne na akuambie umepunguza nusu kilo kabla wewe mwenyewe hujajua, halafu anaondoka bila kukuangalia mara ya mwisho.

Nikaendelea. Nikapata baraza yangu, nikapata kijana wa bodaboda wa kunioa, nikapata mtoto wa kike. Yunifomu nikaanza kushona mimi. Wateja walikuwa wakiingia, nilikuwa najaribu: "Sitini na nane?" Walikuwa wanashangaa, lakini nilikosea kwa kilo sita, kilo nane. Jioni nikifagia vipande vya kitambaa nilikuwa naweka kimoja kwa mdomo napuliza, sijui natafuta nini. Mchana upepo ukipita kwa mabati nilikuwa nanyanyua kichwa. Watu wanakosanga mtu kwa sababu ya sauti yake au chakula chake. Mimi nilikosa kupimwa.

Hii mwaka, msimu wa kuvuna miwa, dereva wa trekta alileta suruali. Imepasuka nyuma, imeshonwa, na ule mshono nikaujua kabla sijaugusa, ndogo ndogo, sawa sawa.

"Nani alishona hii?"

"Mzee mmoja huko Matungu. Anashonanga magunia. Ana maneno huyo! Aliniambia mimi ni midiam."

Nikamwachia mama yangu mtoto, nikaenda kesho yake.

Nyumba ilikuwa ya dada yake, nyuma ya shamba la miwa. Alikuwa amekaa nje kwa kiti, amekonda, gunia kwa magoti, sindano ile kubwa mkononi. Nilisimama mbele yake na maneno yote nilikuwa nimepanga njiani, na mzaha mbili nzuri sana, zikapotea. Akainua macho juu ya miwani. Kiatu mpaka kichwa.

"Hamsini na saba," akasema.

"Na nane, Fundi."

"Na nane." Akachoma sindano kwa gunia. "Umezaa."

"Msichana. Ana miaka miwili."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja na nusu."

Akakubali na kichwa. Kuku mmoja akapita katikati yetu kama karani.

"Ulienda bila kuniambia," nilisema.

"Ningekuambia nini? Mama yako alisema yote."

"Mama yangu alisema ya mama yangu."

Akaweka gunia chini. "Miaka yote nimeshona, mukhana wanje, binti yangu, sijawahi kushonea mtoto nguo ya leo tu. Ukimshonea ya leo tu ni kama umemwambia atabaki hapo. Mkono ulikataa. Mimi nilijua hesabu, mkono ukakataa. Halafu nikakuona kwa ile napia." Akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. "Nilisema mtu kama huyo asishike mkasi tena. Magunia hayana saizi."

"Iko wapi?"

Hakuniuliza ni nini. Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na begi. Ilikuwa imening'inizwa kwa dari, panya wasiifikie. Tukaitandaza hapo kwa ua. Rangi zilikuwa zile zile. Upande wa kushoto vyumba vitatu vilikuwa vimefumuliwa, mdomo wazi, pini zimeshika kutu.

"Nilikuwa naipunguza," akasema. "Irudi ile saizi yako, arobaini na moja. Niliapa nitairudisha, nikutumie, hata kama hutaigusa. Nikafumua vyumba vitatu."

"Ukaacha."

"Nikaacha."

"Kwa nini?"

Alikuwa anapitisha kidole kwa ile lebo nyekundu.

"Nilisema, na kama amekua?"

Hapo nilipiga magoti nikajifanya natafuta pini iliyoanguka. Niliweka kitambaa kwa mdomo nikapuliza, mahali pamoja, pengine, pengine. Hewa haikupita.

"Haijafa, Fundi."

"Najua. Napulizanga kila Jumapili."

Akaanza kushona. Cherehani yake aliuza, kwa hivyo ilikuwa ya mkono. Uzi ulimshinda kuingia, nikamtilia, akajifanya hajaona. Ile inchi alikuwa ameanza kuondoa kwa vile vyumba vitatu aliirudisha yote, chumba kwa chumba, na mimi nilimshikia mbavu zisiteleze. Dada yake akatuletea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, tukala na mkono mmoja. Alikuwa anaongea na kila mshono kama anaomba msamaha kwa kitambaa. Alipomaliza, upepo wa mchana ulikuwa umeshuka, umebaki ule mdogo, na shamba la mbele lilikuwa limekatwa miwa na majani yameondolewa, tambarare, hakuna kilima, hakuna mahali pa kutupwa.

"Si kuruka," nilisema. "Kujaribu tu. Nguo inajaribiwanga."

Fundi alinifunga kiti mwenyewe, akavuta kila kamba mara tatu. Halafu akaenda nyuma yangu akashika mshipi wa kiti mgongoni, na mikono yote mbili, kilo zake zote zilizobaki. Nilisikia anahema.

Niliiangalia ikiwa chini, nikavuta. Midomo ikashika upepo, kimoja, kumi, yote. Ikapanda polepole, haikukimbia, haikunivuta, ikaja juu ya kichwa changu na ikasimama hapo. Nikangoja ile kuchukuliwa. Haikuja. Kamba zilikuwa zimekaza tu, kama mtoto amekushika mkono na anajua njia.

"Geuka," Fundi akasema.

Nikageuka, naye akazunguka nami.

Mkono mmoja ukabaki kwa mshipi. Ule mwingine, wa mkasi, nikausikia katikati ya mabega. Vidole viwili. Vikavuta kitambaa hapo, vikatafuta, vikavuta tena.

"Imeisha," akasema.

"Nini imeisha, Fundi?"

"Ya kukulia."

Halafu akanipiga kidogo hapo mgongoni, pap, na akaachilia.